Sherehe Isiyo na Tarehe

Arusha, 12 Februari 2024

Mjomba Hatibu,

Shikamoo. Nyingine umpelekee mama Hamza, na watoto wote wa hapo nyumbani uwasalimie wewe kwa majina, maana mimi majina yao siyajui tena. Hamza ameniambia kwenye simu kwamba masikio yako yamegoma kabisa, na macho nayo hayataki herufi za meseji. Basi nimekwenda dukani kununua bahasha, kitu ambacho sijanunua tangu nilipokuwa naomba kazi. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyeulizia kibatari.

Mimi ni mzima. Shangazi Asha bado yuko Dodoma, magoti yanamsumbua lakini mdomo uko imara. Sijaolewa. Nalijibu hilo mapema ili usipoteze wino.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Kampuni ninayofanyia kazi inatengeneza kitabu cha kuwaonyesha Watanzania nchi yao: mikoa, milima na sherehe. Si cha wageni wa ng'ambo. Ni cha mwalimu wa Tabora mwenye likizo ya wiki mbili asiyejua aende wapi. Mwandishi ni mimi. Kilimanjaro na Meru nimemaliza, Usambara nimemaliza, Rungwe na Kitulo nilikwenda mwezi uliopita nikarudi na mafua. Morogoro nimeiacha mwisho, na mhariri wangu Allen ameanza kuuliza mbona mtu wa Uluguru anaukwepa Uluguru.

Nina jambo moja la huko ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote. Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa amekwenda mjini kuleta mtoto, na nyumbani kwa bibi palikuwa na sherehe ya kumkaribisha mtoto huyo. Ilikwenda siku tatu. Watu walilala uani kwenye mikeka. Walipakana unga usoni, mwanamke mmoja akamchapa mzee mzima kwa mwiko na mzee akacheka. Mwanamume mmoja alivaa gauni, akawa anatembea polepole huku ameshika kiuno, na watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi nilicheka nikaanguka chini. Mjomba, nimeona sherehe nyingi kwa ajili ya kitabu hiki na hakuna iliyonipa furaha ya siku zile. Naomba uniambie inaitwaje, na hufanyika mwezi gani.

Najua ni miaka ishirini na sita sijakanyaga huko. Sababu unaijua. Mlimzika mama yangu, dada yako Mwaisha, bila kuniita. Nilikuwa Dodoma tu, mabasi yapo, na hakuna aliyeniita. Siandiki haya ili tugombane. Naomba jina la sherehe na tarehe, basi.

Mpwa wako,
Mwanvita


Matombo, 9 Machi 2024

Mwanangu Mwanvita,

Marahaba, marahaba mara ishirini na sita, moja kwa kila mwaka. Barua yako ilifika dukani kwa Latifa hapa chini tangu mwezi uliopita, ikakaa juu ya mzani wake mpaka siku aliponiona napita. Inanuka dagaa lakini inasomeka.

Sisi hatujambo. Mama Hamza aliugua malaria wiki mbili, sasa anafoka tena, kwa hiyo amepona. Upepo umelaza migomba yetu ya upande wa mtoni. Ramadhani iko mlangoni, nasi tunangoja mwezi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kama mjomba. Mara ya pili kama mwalimu mstaafu, nikakuta makosa mawili tu ya alama za kuandikia, hongera. Mara ya tatu sitakuambia niliisoma kama nani.

Haya, andika. Waambie wasafiri wako kwamba Uluguru si mlima mmoja. Watu wa mjini wakishauona Lupanga wanadhani wamemaliza, na wale wenye nguvu wanafika Bondwa kwenye minara wanapiga picha. Kimhandu, ambao ndio mrefu kuliko yote, umejaa ukungu na hauna shida ya kuonwa na mtu. Mwambie mwalimu wa Tabora aje huku Matombo kwa barabara ya Mkuyuni, asivae nguo nyeupe, na mgongo wake auage mapema. Akifika atakula ndizi mpaka achoke kuziita ndizi. Kuna mdalasini, karafuu, pilipili manga, nanasi, mafenesi. Kuna kanisa la misheni lililojengwa zamani kwa mawe ya huku huku. Na mwambie kwamba maji wanayooga watu wa Dar es Salaam yanaanzia kwetu, na hawajawahi kutuma salamu.

Maana ya jina Matombo, yaani maziwa ya mwanamke, unaijua. Ukiiandika, iandike kwa heshima na bila picha.

Hilo la mwisho uliloniuliza, naona karatasi imekwisha.

Mjomba wako,
Hatibu


Arusha, 20 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo, na Idd mubaraka ingawa imeshapita. Nimefurahi mama Hamza anafoka. Mimi nilisherehekea Idd kwa jirani yangu Mercy, ambaye ni Mkristo na anapika pilau kuliko sisi wote. Shangazi amekusalimu. Nilipomuuliza kuhusu ile sherehe ya utotoni, alinyamaza, halafu akasema, "Muulize mjomba wako." Shangazi Asha kunyamaza, mjomba! Nilidhani mtandao umekatika.

Ukurasa wa milima ni mzuri sana, nimeuingiza karibu wote, hata watu wa Dar na maji yao. Allen alicheka peke yake ofisini.

Lakini karatasi yako nimeigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe.

Kama ni jambo la siri ya ukoo, niambie ni siri, nitaelewa. Makabila mengine yameniambia hivyo na nimeheshimu. Kama ni mambo ya mwali, najua mipaka. Ila usinizungushe kama mgeni. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Wewe ndiye uliyekuwa na neno, ukaniachia nikapelekwa kwa watu wa upande wa baba kama furushi lililopakiwa kwenye gari lisilo lake. Baba mwenyewe alikuwa amefariki miezi michache kabla, sura yake naikumbuka kwa shida. Mama akafia hospitali mjini pamoja na mtoto, mkamzika, na mimi nikaambiwa baada ya mwaka mzima. Kitu pekee kizuri nilichotoka nacho huko ni zile siku tatu. Nataka ziandikwe mahali.

Mwanvita


Matombo, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Usihesabu siku. Mvua za mwaka huu zilikata barabara sehemu mbili na barua yako ilikaa Mkuyuni karibu mwezi. Hapa kwetu udongo uliporomoka ukachukua kona ya shamba la jirani yangu Abasi, mihogo yake sasa iko shambani kwangu na tunabishana nani achimbe. Watu wote ni wazima, alhamdulillahi. Mama Hamza anasema umwonyeshe huyo Mercy jinsi ya kupika ndizi kwa nazi.

Umetaka sherehe, nami nakupa sherehe. Nane Nane mjini Morogoro, mwezi wa nane, watu kutoka mikoa jirani wanaleta mazao, na kuna maboga ambayo mtu mmoja habebi. Maulidi, wakati wake ukifika, vijana wa madrasa wanaimba mpaka sauti zinawakauka. Krismasi pale misheni, Waislamu nasi tunakwenda kula, na hakuna anayetuuliza. Ngoma ya mwali bado ipo, ila wasichana wako shuleni, kwa hiyo inasubiri likizo kama wao.

Ile yako haina tarehe. Iondoe kwenye kitabu.

Kuhusu uliyoyaandika juu ya mimi kuwa na neno na kulinyamazia, nimesoma. Sina cha kujitetea. Wewe ulikuwa wangu kwa desturi na kwa mapenzi, nami nilikuachia. Siku ile gari lilipokuchukua nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Hatibu


Arusha, 29 Julai 2024

Mjomba Hatibu,

Shikamoo. Mama Hamza na Hamza nawasalimu, pia mzee Abasi na mihogo yake.

Nimekuwa safarini. Juni nilikuwa Kisesa, Mwanza, kwenye Bulabo, nikaona Wasukuma wakicheza na chatu shingoni, mtu mzima anambusu nyoka. Juzi nimetoka Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Wanaume wanachapana kwa mashina ya migomba ili hasira za mwaka ziishe, wanawake wanaimba wakiwatukana, halafu wote wanakula pamoja. Nilisimama pale nikiwaza, kwetu pia tulikuwa na kitu kama hiki, na mjomba wangu ananinyima.

"Iondoe" si jibu, mjomba. Ulinifundisha kusoma kwa kunikalisha kwenye paja lako, na nikiuliza kwa nini, ulikuwa unanijibu. Kitabu kinakwenda mtamboni mwisho wa Septemba. Nimeandika ukurasa wenyewe kutokana na ninavyokumbuka, na mwezi nimeukisia kwa mvua za siku zile. Nakuwekea hapa. Kama kuna kosa, lisahihishe. Usipojibu, utachapwa hivi hivi:

"SIKU TATU ZA KICHEKO, MATOMBO. Ukifika safu ya Uluguru mwezi Novemba, mvua zinapoanza, usikose sherehe ya Waluguru ya kumkaribisha mtoto mchanga. Kwa siku tatu ukoo mzima hukusanyika nyumbani kwa bibi. Wanaume huvaa nguo za wanawake na kuigiza mwendo wa mama mjamzito. Vyakula hupikwa kwenye masufuria makubwa, unga hurushwa, wakubwa kwa wadogo hutaniana bila mtu kukasirika. Watoto hupenda sana sherehe hii. Mgeni anakaribishwa, aje na moyo mwepesi."

Nasubiri kalamu yako nyekundu.

Mwanvita


Matombo, 18 Agosti 2024

Mwanangu Mwanvita,

Leo salamu zitakuwa fupi. Marahaba. Nyumbani ni wazima.

Ukurasa wako umenifikia jana. Nimetoka nao mpaka shambani ili mama Hamza asinione. Usiuchape. Nitakuambia kwa nini, na ukimaliza kusoma, barua hii fanya nayo utakavyo, nami pia nifanye utakavyo.

Ilikuwa Novemba 1997, mwaka wa zile mvua kubwa. Mama yako alikuwa mjamzito wa miezi tisa. Uchungu ulimwanza alfajiri na mtoto akakataa kutoka. Tukamlaza kwenye machela, wanaume sita, mimi mmoja wao, tukashuka naye kuelekea misheni. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa kuliko nilivyowahi kuyaona, daraja limekwenda. Ng'ambo tuliliona paa la misheni. Tulikaa pale tangu saa mbili asubuhi tukingoja maji yapungue. Mwaisha alikuwa amenishika mkono. Saa sita hivi akaniambia, "Kaka, usimwache mwanangu alie." Alikuwa anakusudia wewe. Hakusema tena. Mtoto alikwenda naye.

Hakufia hospitali, mwanangu. Hakufika mjini.

Nilitangulia kurudi nyumbani. Wewe ulikuwa mlangoni, umevaa gauni lake, linaburuza, na ukaniuliza mama yuko wapi. Mimi, mwalimu wa shule, mtu mzima, nikasema, "Amekwenda mjini kukuletea mdogo wako." Ukaruka ruka. Neno lilishatoka na sikuweza kulirudisha. Bibi yako alisema afadhali, mtoto haambiwi mambo hayo. Tukakupeleka kwa Abasi jirani ucheze na wanawe, tukamzika alasiri ile.

Watani wetu walikuja jioni, maji yalipopungua. Unajua watani hufanya nini kwenye msiba, umekua nchi hii hii. Wao ndio waliopika, wao ndio waliotupaka unga na kutuchapa miiko ili tusife kwa majonzi. Ukarudishwa kutoka kwa Abasi, ukaona watu wamejaa, ukanivuta kanzu ukauliza, "Mjomba, hii ni sherehe ya mtoto?" Nikasema ndiyo.

Yule mwanamume mwenye gauni ni Luqmani, mtani wetu mkubwa. Gauni lilikuwa la mama yako, lile la kijani. Alikuwa anatembea kama Mwaisha alivyotembea miezi ile ya mwisho, mkono kiunoni, akawaita kuku kwa sauti yake hasa. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Ulicheka ukaanguka. Halafu ukainuka, ukakimbia, ukamkumbatia miguu. Mtani hatakiwi kulia kwenye kazi yake. Luqmani alikaa chini pale pale kwenye tope, akakupakata, na siku hiyo utani ukaishia hapo.

Nilikusudia kukuambia arobaini ikifika. Kila asubuhi ulikwenda barabarani kumtazama mama na mtoto, ukirudi unaniuliza, na mimi nasema kesho. Sikuweza kukutazama usoni. Shangazi yako alipokuja kukuomba, nilikubali. Watu wa ukoo walinilaumu kwa kumtoa mtoto wa dada yangu kwa watu wengine. Sikuwaambia kwamba nilikuwa nakukimbia. Tulipatana na shangazi yako akuambie ukishazoea shule, naye akasema mama amefia hospitali mjini, kwa sababu ndiko nilikosema amekwenda.

Umenichukia miaka yote kwa kutokukuita mazikoni, nami nimeona ni nafuu unichukie kwa hilo. Hukuitwa kwa sababu ulikuwepo.

Nisamehe. Ukishindwa, nitaelewa.

Hatibu


Matombo, 30 Septemba 2024

Mwanangu Mwanvita,

Salaam aleikum. Hii ni fupi, nimempa mtu anayekwenda Morogoro aitie posta ya mjini isije ikakaa kwenye mizani ya Latifa.

Leo ni mwisho wa mwezi ulioutaja. Sijui kama ukurasa umechapwa. Hamza amekupigia mara nne, anasema simu inaita haipokewi. Nimemwambia aache. Sidai jibu. Nataka tu kujua kama uko salama na kama unakula.

Mjomba


Arusha, 21 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Niko salama. Nakula.

Ukurasa nimeuondoa. Allen aliung'ang'ania, alisema ndio mzuri kuliko yote kitabuni, na kwamba ameshaanza kuulizia nyumba za kulala wageni huko Novemba. Nikamwambia hakuna sherehe kama hiyo. Akauliza, "Si ulisema uliiona mwenyewe?" Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, na Mercy ndiye aliyekuja kunichukua. Kitabu kimekwenda mtamboni na Morogoro yenye milima, ndizi, mdalasini na Nane Nane.

Nimekuandikia barua tatu zikaishia kwenye ndoo ya taka. Ya kwanza ilikuwa na matusi, mjomba, na Mungu anisamehe. Ya pili ilisema nimekusamehe, ila nilipoisoma niliona ni uongo. Kwa hiyo nakuambia kweli: nina hasira na wewe hata sasa. Ulikuwa na siku arobaini, halafu miaka ishirini na sita, na mimi hizo siku nilikuwa nasimama barabarani.

Nimekaa kwenye misiba mingi. Nimeona watani wakivaa nguo za marehemu Iringa, nimewaona Songea, nimewaandika hata kitabuni. Kwa nini sikuunganisha? Nafikiri sikutaka. Zile siku tatu zilikuwa ndio mali yangu yote, na umezichukua, na sikulaumu kwa kuzichukua maana niliomba mwenyewe. Lakini sasa nikifumba macho namwona yule mtu mwenye gauni na sijui nicheke au nifanye nini. Nilimkumbatia nikidhani ni mchezo. Sehemu moja ya mimi nadhani ilijua ni gauni la nani.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Sijawahi kumlilia mama yangu. Shangazi aliponiambia, nilikuwa na miaka saba, alikuwa anasonga ugali, na mimi nikauliza kama umeiva. Baadaye nilipokua nilikuwa na hasira nanyi, na hasira ilinitosha, sikuona haja ya kingine. Sasa ile hasira ya zamani haina pa kushika. Nimebaki na hii mpya, na chini yake kuna kilio ambacho sijakilia.

Nimeomba likizo. Nataka kuja huko nilie, pale alipolala. Nitafika Ijumaa tarehe 15 Novemba. Ila sijui kama inafaa. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, na kwenye mikoa yote niliyozunguka hakuna niliyemuuliza swali hili: mfiwa akichelewa kiasi hiki, utaratibu unasemaje?

Mwanvita


Matombo, 3 Novemba 2024

Mwanangu, binti wa dada yangu Mwaisha,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na moja tu, Latifa ameileta mwenyewe kwa miguu mpaka nyumbani. Mama Hamza amenisomea sehemu ambazo macho yalikataa, kwa hiyo sasa naye anajua nilivyokudanganya, na ameacha kufoka tangu juzi.

Hasira yako njoo nayo. Usiiache Arusha kwa ajili yangu.

Umeuliza utaratibu. Nilikwenda kuuliza, kwa sababu hata mimi sikuwa na uhakika. Nilipita kwa Abasi, nikapita kwa shehe, nikavuka mto mpaka kwa watani. Luqmani alifariki mwaka juzi. Kazi yake ameirithi mwanawe Issa. Wote wamenijibu jambo moja. Mfiwa aliye mbali, msiba wake haujaisha mpaka afike. Kama miaka imepita, imepita kwa wengine.

Issa ameuliza kama waje na utani wao. Nimemwambia waje, wapike, wachote maji, lakini wanyamaze mpaka wewe umalize kulia, hata iwe siku ngapi. Amekubali. Wanawake wameanza kukusanya kuni na mikeka, na nyumba ya bibi yako imepigwa lipu upya upande uliokuwa umebomoka.

Leo asubuhi nimepita nyumba kwa nyumba, nikatangaza msiba. Watu wamenitazama, wameniuliza ni nani amefariki. Nimewaambia ni Mwaisha, dada yangu, na kwamba mtoto wake ndiyo kwanza amepata habari.

Mjomba wako,
Hatibu